Miezi mitatu na programu ya simu inayojirekebisha mtandao ukichelewa

Ninaishi Wete, Pemba, na kila baada ya sala ya Isha mama yangu huzungumza na kaka yangu aliyeko London. Programu tuliyoitumia mwanzo ilikuwa ikikata maneno hata mama akazoea kuitikia "naam" bila ya kufahamu alichoambiwa. Miezi mitatu iliyopita tulihamia programu nyengine, ambayo humwachia mtumiaji achague bafa (sehemu inayoishikilia sauti kwa muda kabla ya kusikika) ya kudumu au inayojirekebisha yenyewe.

Sauti ya simu ya intaneti husafirishwa kwa pakiti ndogo ndogo, aghalabu kila moja ikiwa na milisekunde 20 za maneno, na pakiti hizo hazifiki kwa mwendo mmoja. Bafa huzizuia kidogo upande wa msikilizaji ili zitoke kwa mpangilio. Ikizizuia muda mfupi mno, zilizochelewa hutupwa na neno hutoka na pengo. Ikizizuia muda mrefu, sauti huwa safi lakini jibu huchelewa.

Nilianza na bafa ya kudumu ya milisekunde 200, na mama akaridhika sana, kwani yeye husikiliza habari za wajukuu kwa utulivu na wala hana haraka ya kujibu. Taabu ilikuwa kwangu. Nilipokuwa nikijadiliana na kaka ujira wa wachumaji wa karafuu kwa pishi, kila mmoja alianza kusema akidhani mwenzake amenyamaza, kisha sote tukanyamaza, kisha sote tukasema kwa pamoja, "Haya, sema wewe." Pendekezo G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaeleza kuwa mazungumzo mengi hayaathiriki sauti isipochukua zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio, na mimi nilikuwa nimeuvuka mpaka huo kwa bafa peke yake, kabla hata ya kuhesabu masafa ya kufika Uingereza.

Bafa inayojirekebisha imeliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Adhuhuri, mtandao ukiwa mwepesi, hujipunguza na mazungumzo hujibizana vizuri, usiku hujiongeza. Ikibadilika wakati wa kimya baina ya sentensi, sikio halitambui chochote. Ila mtandao ukizorota ghafla mtu akiwa katikati ya neno, programu huyavuta maneno ili ipate nafasi, kisha huyaharakisha ili ifidie muda. Usiku mmoja "shikamoo mama" ya kaka ilitoka ndefu na nzito, mama akaitikia "marahaba" na papo hapo akamuuliza kama anaumwa. Ilitubidi tumhakikishie mara mbili kuwa ni simu. Kwa maoni yangu, mvuto huo huudhi kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu kuchelewa kusikobadilika mtu hukuzoea, ilhali sauti inayobadilika humfanya amtilie shaka anayesema.

Ninaipa programu hii alama nne kati ya tano, na moja nimeipunguza kwa ajili ya mvuto huo. Mama nimemwekea inayojirekebisha. Mimi, nikiwa na jambo la kujadiliana, huweka ya kudumu ya milisekunde 60 na kuvumilia mapengo machache. Kero iliyobaki ni kwamba kila programu inaposasishwa chaguo langu hufutika, nami hulazimika kuliweka upya kabla ya Isha.