Swichi ya poti 8 yenye taa ya dupleksi: nzuri, ila mwongozo umepwaya

Kilichonivutia kwenye swichi hii ya mtandao, kifaa cha kuunganisha kompyuta na printa kwa waya, ni taa ya njano iliyopo kwenye kila poti (tundu la kuchomeka waya). Ikiwaka, poti iko fulu-dupleksi: inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ikizimika, imeshuka hafu-dupleksi, yaani pande mbili zinapokezana zamu.

Nilichomeka printa ya zamani iliyofungwa kwa mkono kwenye kasi ya Mb 100 kwa sekunde, fulu-dupleksi. Taa ya njano ikagoma kuwaka. Swichi ilikuwa kwenye otomatiki, yaani inapatana yenyewe na kifaa cha upande wa pili kuhusu kasi na dupleksi, na kwa kuwa printa haikujibu mapatano hayo, swichi ilitambua kasi tu, dupleksi ikaangukia hafu kama kanuni inavyotaka. Ping, vile vipakiti vidogo vya kupima mtandao, zilipita safi kabisa! Faili kubwa ndizo zilizokwama, huku kwenye ukurasa wa takwimu wa swichi migongano ya kuchelewa (data kugongana baada ya muda wa kawaida wa kugongana kupita) ikipanda mbele ya macho yangu. Nikairudisha printa kwenye otomatiki, mambo yakanyooka papo hapo.

Mwongozo ndio ulioniudhi. Unashauri kufunga kasi na dupleksi kwa mkono, bila kusema kwamba lazima pande zote mbili zilingane. Ushauri wa hivyo unawatesa watu bure.

Haina feni, kwa hiyo iko kimya. Mimi ningeinunua tena.