Fundi wa shokesi yangu: rangi kumi kwa kumi, kitambaa mh!

Shokesi imerudi nyumbani wiki ya sita sasa. Nilisema siandiki kitu siku ya kwanza maana siku ya kwanza kila kitu kinapendeza, acha kwanza watoto waiguse, vumbi la Arusha liipitie, ndo niseme. Jina la karakana sitaji kwa sababu nina lalamiko na wakati huohuo bado natamani anifanyie kazi nyingine, kwahiyo mnisamehe, ni huku upande wa Sakina, ndani ndani barabara ya vumbi, hata kibao hawana.

Nianze na aibu yangu. Shokesi niliinunua kwa mama mmoja Njiro alikuwa anahama, elfu 90, ya saiprasi, nzito, mgongo wa plaiwudi, vanishi nyeusi ya zamani imekuwa kama masizi. Nikaangalia video mbili tatu usiku nikajiona fundi. Nikachukua rangi ya maji iliyobaki walipopaka ukuta, nikapaka juu ya vanishi ivoivo, msasa sijapiga, mafuta ya jikoni sijafuta, praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, ndo kabisa. Ikakaa vizuri siku nne. Ya tano mwanangu akapitisha ukucha, rangi ikavuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, utepe mrefu, akafurahi, akaendelea na mlango wa pili. Mume wangu hakusema kitu, alitoka tu nje akacheka huko.

Ndo nikapakia shokesi kwenye guta pamoja na viti sita vya kulia nikaenda.

Fundi ni mzee wa makamo, ana vijana wawili. Shikamoo, marahaba mama, akazunguka shokesi mara moja akauliza "Nani kaipaka hii?" Nikaangalia pembeni. Akasema haya, tumeelewana.

Sasa kilichonifanya nimwamini ni viti. Viti vyenyewe tulipewa na jirani, alikuwa na mpangaji mfanyakazi wa ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa pale kituo cha mikutano AICC, mahakama ilivyofungwa mwisho wa 2015 mpangaji akaondoka, viti vikabaki stoo vikizeeka na vanishi nyeusi na kitambaa kimetoboka. Mimi nilitaka vipakwe rangi ya krimu vyote sita vifanane na ya kwenye simu. Fundi akakigeuza kimoja miguu juu, akatoa kisu, akakwangua chini ya kikalio pale pasipoonekana, sehemu ndogo tu kama kucha ya kidole gumba, akalamba kidole akapaka mate. Ikatokea hudhurungi yenye wekundu na mistari. Akaniita nisogee. "Mninga huu mama. Mimi mninga siupaki rangi. Ukitaka krimu wapelekee wengine, watakupakia." Nikabisha kidogo, akaniambia pia mbao yenye rangi kali hivi inaweza kutoa madoa juu ya rangi nyeupe baada ya muda usipoizuia na praima yake maalumu, halafu utarudi kunidai. Yaani mtu anakataa hela! Nilikuwa naenda kulipa zaidi kwa kupaka kuliko kukwangua na kupiga vanishi ya kuonyesha mbao. Alivyovimaliza nilivyoviona juani nikajisikia vibaya kwa ile krimu niliyokuwa naitamani.

Kwenye shokesi alikaa siku mbili nzima na msasa kabla rangi haijafunguliwa. Alianza na namba 80 kutoa uchafu wangu na ile vanishi, akaja 120, akafuta kwa kitambaa chenye thina, praima, ikakauka, 240 kidogo, ndo rangi mkono wa kwanza, 240 tena, mkono wa pili. Rangi lita moja tu na ikabaki. Kulikuwa na vitundu vya wadudu kwenye mguu mmoja wa nyuma, akagonga na nyundo kuona kama unga mpya unatoka, haukutoka, lakini bado akatia dawa kwa bomba la sindano tundu moja moja halafu akaziba. Droo pembeni hakupaka kabisa, nikidhani kasahau, kumbe rangi inanenepesha ubao droo inakwama, akachukua mshumaa akasugua kingo za chini, sasaivi droo unaisukuma kwa kidole. Vitu kama ivi mimi nisingejua hadi nife.

Lalamiko dogo hapa, chalii aliyekuwa anapiga msasa hana barakoa, amevuta tu kola ya fulana puani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, vumbi lake si la kuvuta na si la kuchezewa na watoto waliokuwa wanakatiza hapo. Siku ya pili niliwapelekea boksi la barakoa. Walishukuru, wakaziweka kidevuni.

Rangi niliyochagua ni kijani iliyokolea, ile ya jani la kahawa, na ndo likaja wazo la stensili kwenye milango, yaani michoro ya kupaka kupitia matundu yaliyokatwa. Fundi kwanza alinishawishi tembo na twiga za Tingatinga. Namheshimu sana marehemu, mtu wa Tunduru aliyeanza na rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi huko Dar mwishoni mwa miaka ya 60 akatuachia jina la sanaa nzima, lakini shokesi yangu inakaa sahani, si duka la watalii. Tukakubaliana majani ya kahawa na punje zake, kwa rangi ya krimu.

Huyu kijana wa stensili ndo nyota wa karakana, mniamini. Hanunui stensili. Anachora mwenyewe na anaikata kwa wembe kwenye filamu ya eksirei ya zamani. Ya kwangu ilikuwa ya kifua, ukiinyanyua kuelekea juani unaona mbavu za mtu na katikati ya mbavu tawi la kahawa limekatwa. Nilisisimka. Anasema plastiki yake haivimbi ikilowa na unaifuta unaitumia tena hata mara hamsini. Kuipaka hatumii brashi, ana kipande cha sponji ya godoro kama limao, anachovya kwenye rangi, halafu, hapa ndo siri, anaigonga kwenye gazeti mpaka unadhani rangi imeisha, ndo anaanza kudonoa mlangoni, tap tap tap, havuti hata mara moja. Nikamuuliza mbona rangi kidogo ivo, akasema ikiwa nyingi inaingia chini ya filamu jani linaota ndevu. Akanionyesha kwa makusudi kwenye ubao mbovu, kweli likaota ndevu. Juu ya majani wakapiga vanishi ya maji ya kuangaza, si ile ya mafuta, maana ya mafuta inageuka njano na krimu yangu ingekuwa kama meno ya mvuta sigara.

Wiki sita, mwanangu kajaribu ukucha. Haitoki. Nimefuta na kitambaa kibichi na sabuni, haitoki. Maharage yalimwagikia mlango wa kushoto, nimefuta, haitoki.

Sasa kitambaa.

Vikalio vya viti nilipeleka kitenge changu mwenyewe, nilinunua Soko Kuu, kina ndege wakubwa wamesimama kwenye tawi, kizuri mno. Kosa langu sikukaa pale kusimamia, na fundi wa kitambaa si yule mzee, ni mwingine anaitwa ikija kazi. Viti sita: vinne ndege wamesimama, kimoja wamelala ubavu, na kimoja jamani wamening'inia kichwa chini kama popo. Nikamwonyesha, akainamisha shingo akaangalia, akasema "mama ukikaa hawaonekani." Sasa mtu unajibu nini?

Na ingekuwa ndege tu ningenyamaza. Sponji aliyoweka ni laini, nadhani mabaki ya godoro, nimeilipia kama sponji ngumu, wiki ya tatu ukikaa unaisikia mbao, mama mkwe alikaa akanyanyuka akauliza kama kuna mto. Halafu kitenge ni chepesi, kilitakiwa kiwekewe kitambaa cha ndani kabla ya kupiga pini, hakuweka, kwenye kona moja pini zimeanza kuvuta uzi. Nikakumbuka hata mimi sikuuliza. Ukipeleka kitenge kwenye kiti kinachokaliwa kila siku sisitiza kitambaa cha ndani, au nunua tu kitambaa cha sofa, kitenge ufanye foronya za mito, na usikiweke dirishani jua linakipausha haraka.

Muda nao. Niliambiwa wiki moja, ikawa wiki tatu na siku mbili. Nakubali ilikuwa Julai na mnajua Arusha ya Julai, jua linatoka saa saba linaingia saa tisa, rangi ya mafuta inabaki inanata, umeme nao ukikatika kompresa ya vanishi imelala. Sawa. Lakini usiniambie njoo Alhamisi, naja na guta nimeshalipa, unaniambia njoo Alhamisi. Alhamisi tatu mfululizo. Ya tatu mwenye guta alikuwa ananihurumia akapunguza bei.

Gharama: shokesi elfu 110 kazi na rangi na stensili yote, viti elfu 25 kila kimoja, jumla laki 2 na elfu 60, guta pembeni. Shokesi mpya ya saiprasi nilikouliza waliniambia laki 4 na nusu na bado haina majani ya kahawa. Kwa shokesi nimelipa kwa furaha. Kwa viti, kukwangua na vanishi ilistahili, ya juu pale nimetupa hela.

Mzee nilimrudia kuhusu sponji, hakubisha, kaniambia nilete viti abadilishe bila kulipa, ila sponji nikanunue mwenyewe nikaibonyeze kwa mkono dukani. Kaniambia nije Alhamisi. Kwa sasa kile kiti cha popo nimekisogeza upande wa ukutani, mume wangu ndo anakikalia, si alicheka.