Miaka mitatu na redio moja ya FM, nikiwa Lamu

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Langoni. Mkono ukiwa na sindano sikio halina kazi, kwa hiyo redio inawaka tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Stesheni ninayoisikiliza ni ya FM ya huku Pwani, inajinadi kwa muziki wa mwambao. Jina nalihifadhi, maana nina lawama nayo.

Kwanza mawimbi. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, na kuta zake ni nene. Ukiweka redio mezani unapata mkwaruzo tu. FM husafiri kama macho yanavyoona: kati yako na mnara kukiwa na kizuizi, sauti inafifia. Nilipitisha waya dirishani, nikaupandisha hadi darini nikaufunga kwenye boriti ya makuti. Ikatulia. Tena usiku wa shwari bahari husaidia, nikapata hata stesheni za Mombasa, kilomita kama 240 kwa mstari ulionyooka. Asubuhi ukizitafuta hazipo.

Mama yangu hashangai. Yeye ni wa enzi za VoK, Sauti ya Kenya, redio ya taifa kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, na redio hiyo ndiyo iliyomlea. Kadi za salamu zilinunuliwa dukani, ukajaza majina ya ndugu wote, ukatia posta, ukangoja wiki nzima usikie lako likitajwa vibaya. Redio ilikuwa ya serikali, basi. FM za watu binafsi zilianza Nairobi mwaka 1996, za Pwani zikaja baadaye, na sasa ukizungusha kisahani kidogo tu umeshavuka tatu.

Mchana stesheni yangu sina la kuisifu sana: bongo fleva zilezile, moja niliihesabu mara nne kabla sijamaliza kanzu. Ila habari za bahari ni nzuri, manahodha huja dukani kuzisikiliza na kusahau kulipa.

Ninachoifuatia ni taarab ya Alhamisi usiku. Hapo wana hazina. Wanampiga Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu hii hii, aliyefariki 2016, na Juma Bhalo wa Malindi, aliyetutoka 2014. Rekodi nyingine zimetolewa kwenye kanda za harusi, unasikia mpaka vigelegele na mtu akikohoa karibu na maikrofoni. Redio nyingine sijaisikia ikithubutu.

Lakini taarab ya kanda haina haraka. Udi, ile ala ya nyuzi, hutangulia peke yake, unazunguka, unarudi, ndipo mwimbaji afungue kinywa. Wimbo mmoja dakika kumi na ushei. Saa ya FM ni ya matangazo. Wiki iliyopita Zein alikuwa bado anapanda na udi, mtangazaji akaingia juu yake na punguzo la mabati. Mama akaacha tasbihi. "Wamemtinda!" Kwa Kiamu, hivyo ndivyo tunavyosema kuku akichinjwa.

Nikatuma ujumbe kwa heshima zote: tangazeni kabla au baada, na mtaje aliyetunga shairi, si mwimbaji peke yake. Nusu saa baadaye nikasikia: "Na huyu ni fundi wetu wa Langoni, anawasalimu wote wanaomfahamu!" Wateja wawili walinipigia simu kunipongeza.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano. Kama uko nyumba ya mawe, usinunue redio kubwa, nunua waya mrefu. Na kama unaitaka hiyo taarab ya Alhamisi, isikilize karibu na saa sita usiku. Matangazo yanakuwa yamepungua, na mtangazaji mwenyewe, kwa nionavyo, anakuwa ameshasinzia.