Betri ya Hornsdale: huduma ambayo mteja wake ni gridi

Wengi wetu huipima huduma ya umeme kwa swali moja tu, taa zinawaka au haziwaki, na ndiyo maana ni vigumu kuithamini kazi ya betri kubwa ya Hornsdale, iliyoko karibu na mji wa Jamestown katika jimbo la Australia Kusini, kwa kuwa inapofanya kazi yake vizuri hakuna anayeiona. Nimeifuatilia tangu ilipoanza kazi rasmi tarehe 1 Desemba 2017, na naihesabu miongoni mwa huduma bora ambazo serikali imewahi kuinunulia gridi kutoka kwa kampuni binafsi, ingawa ina doa moja nitakalolieleza.

Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya njia kuu za umeme katika jimbo hilo. Volteji iliyumba mara kadhaa mfululizo, na mashamba kadhaa ya upepo yakapunguza uzalishaji ghafla, kwa sababu mitambo yake ilikuwa imewekewa kikomo cha misukosuko ya kuvumilia na kikomo hicho kikapitwa. Njia ya umeme kutoka jimbo jirani la Victoria ikabebeshwa mzigo wote, ikazidiwa na kujikata, na wateja wapatao 850,000 wakabaki gizani. Wapo waliodai kwamba upepo ndio mkosaji, lawama ambayo mpaka leo naiona si ya haki, maana mpangilio wa mitambo ni jambo linalorekebishika, na ulirekebishwa.

Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilitangaza zabuni ya betri kubwa ya kuilinda gridi. Aliyeshinda ni Neoen, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa na shamba la upepo mahali hapohapo, huku betri zikitoka Tesla, ambayo mkuu wake, Elon Musk, aliahidi kuikamilisha kazi ndani ya siku 100 tangu mkataba kutiwa saini au aitoe bure. Ahadi ilitimizwa, na jimbo likapata betri ya megawati 100 yenye akiba ya megawati-saa 129, kubwa kuliko betri yoyote ya lithiamu iliyokuwapo duniani wakati huo.

Habari za siku 100 zilivuma sana, lakini kilichonivutia mimi ni mkataba wenyewe. Serikali haikununua betri ikaiegesha, ililipia huduma. Megawati 70 zilitengwa kwa usalama wa gridi, ziwe tayari kutoka papo hapo kwa dakika chache pale mtambo mkubwa unapozimika ghafla, na megawati 30 zilizobaki, zenye sehemu kubwa ya akiba, Neoen iliachiwa ifanye nazo biashara: kununua umeme upepo unapovuma kwa wingi na bei iko chini, kisha kuuza bei inapopanda. Kila upande ulipata ulichokihitaji, na mwekezaji hakulazimika kuishi kwa ruzuku peke yake.

Tukio moja linatosha kuonyesha ubora wake. Tarehe 14 Desemba 2017, yapata saa nane usiku, mtambo mmoja wa makaa ya mawe katika kituo cha Loy Yang, karibu kilomita 1,000 kutoka Hornsdale, ulizimika ghafla ukiwa unazalisha takriban megawati 560. Masafa ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo hupaswa kukaa kwenye hezi 50, yakashuka chini ya 49.8, na mara hiyohiyo betri ikaingiza megawati 7.3, kabla hata kituo cha makaa kilichokuwa na mkataba wa kazi hiyo hakijaanza kuitikia. Megawati 7.3 ni kidogo mno kuziba pengo la 560, na sitaki msomaji adhani kwamba betri peke yake ndiyo iliyookoa gridi usiku ule. Kilichoonekana ni wepesi ambao mtambo wa mvuke hauna. Wepesi huo ulishusha pia gharama za kudhibiti masafa, ambazo kampuni ya ushauri ya Aurecon ilikadiria kuwa zilipungua kwa dola za Australia milioni 116 mwaka 2019.

Doa nililolitaja ni la mwaka huohuo. Kati ya Julai na Novemba 2019 betri ilikuwa ikilipwa kwa uwezo ambao haikuweza kuutoa wote, baada ya programu inayoiendesha kubadilishwa, na upungufu huo ukajulikana pale kituo cha umeme cha Kogan Creek huko Queensland kilipozimika ghafla mwezi Oktoba. Mdhibiti wa nishati aliipeleka mahakamani kampuni inayoimiliki betri, na mwaka 2022 ikatozwa faini ya dola 900,000. Kosa ni zito, kwa sababu bidhaa yenyewe hapa ni utayari, na utayari hauonekani kwa macho mpaka siku ya ajali. Nimefurahi kwamba mdhibiti hakumwonea haya mbia wa serikali.

Kwa anayetaka kuiga mfano huu, ajue kwamba betri ya kwanza ingeweza kutoa nguvu zake zote kwa saa moja na robo hivi, basi. Kulisha jimbo usiku kucha si kazi yake. Mwaka 2020 iliongezewa megawati 50, kwa msaada wa fedha za serikali ya jimbo na za shirikisho, ili iweze pia kutoa inesha, yaani ile nguvu ya kuzuia masafa yasianguke kwa kasi ambayo zamani ilitokana na uzito wa mitambo inayozunguka. Hapo ndipo mwendo ulipolegea. Vifaa vilikuwa tayari mwaka huo, lakini majaribio na idhini ya mwendeshaji wa gridi, AEMO, vilikamilika Julai 2022. Tahadhari naielewa, kwa sababu hakuna betri kubwa kiasi hicho iliyokuwa imewahi kufanya kazi hiyo kwenye gridi ya nchi nzima, ila kwa betri zinazofuata miaka miwili ni mingi mno.