Walimtibu baba mishipa ya fahamu bila kumvua hata kiatu

Nimelikalia jambo hili muda mrefu, leo naliandika. Baba yangu ni mkulima wa korosho kule Newala. Msimu uliopita miguu ilimzidi, tukamleta kliniki moja ya binafsi hapa Mtwara mjini. Tumekuta daktari kijana, umri wa mjukuu wake, shikamoo haikumtoka. Macho kwenye simu. Baba hajamaliza kujieleza, mwenzetu keshaandika: mishipa ya fahamu, sindano za vitamini, rudini wiki ijayo. Nikauliza, mguu wenyewe hauangaliwi? Akanijibu, "Mzee wa umri huu unataka awe na miguu ya kijana?" Mbele ya baba!

Hakumvua kiatu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angemvua angekuta mguu wa kushoto wa baridi, ngozi ya ugoko inang'aa, malaika yameisha, na kidole gumba kina kidonda kisichotaka kupona. Angemsikiliza angesikia kwamba kigimbi kinabana akishatembea mikorosho michache, akisimama kidogo kinaachia, akiendelea kinabana tena. Kila siku hivyo hivyo.

Haya nilikuja kuelezwa na daktari mwingine, mama mtu mzima, hospitali nyingine. Alimwamkia baba, akainama mwenyewe kumvua soksi, akaweka vidole juu ya wayo, akatulia anatafuta mapigo. Hayakuwepo. Akapima presha ya kifundo cha mguu, akaigawanya kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9 ujue mishipa ya damu ya miguu imeanza kuziba, na la baba lilikuwa chini ya hapo. Sigara za tangu ujana zimechangia sana, akasema. Akatufafanulia kwamba mishipa ya fahamu ikiharibiwa na kisukari, mara nyingi miguu huwaka moto au kufa ganzi hata mtu amelala, usiku ndiyo zaidi. Aliyebanwa kwenye uti wa mgongo naye anaumia akitembea, ila nafuu huipata akikaa au akiinama mbele, kusimama tu hakumsaidii. Maswali mawili matatu tu hayo, kwani yana gharama gani?

Haki yao niwape: dada wa maabara ni mpole, sukari alipima vizuri na majibu akayaeleza, bei zimebandikwa ukutani, hatukubambikwa. Nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini nikikumbuka kile kidonda, wiki zote zile kinachimbika huku baba anadungwa vitamini, na mguu usiopata damu unaweza kuishia kukatwa! Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.

Namba ya malalamiko iliyopo mapokezi nimeiandikia zaidi ya mara moja. Ujumbe unasomwa, jibu haliji.