Plasta ya jasi au ya faiba kwa hewa ya Malindi?

Kwa mguu uliovunjika jana na ungali unavimba, jasi bado ndiyo bora, tena bei yake nafuu. Inafinyangika vizuri, na uvimbe ukizidi inapasuliwa bila shida. Kasoro yake huku pwani ni unyevu: huganda ndani ya dakika chache tu, lakini kukauka kabisa huchukua saa 48 hadi 72, na ukiikanyaga kabla ya hapo inapasuka kwenye kifundo. Maji ya kuloweka yawe ya vuguvugu. Ya moto huweza kuunguza ngozi.

Faiba ni nyepesi na hukauka ndani ya nusu saa hivi. Ila wanaokwenda nayo ufuoni wanajidanganya: gamba halidhuriki, pamba ya ndani ndiyo inayolowa, na ngozi huchubuka.

Aina yoyote, ikishalegea uvimbe ukipungua, ibadilishwe. Mfupa ukichezacheza, gegedu laini linaloziba palipovunjika wiki za mwanzo haligeuki mfupa. Hubaki nyuzinyuzi tu. Hatari zaidi ni theluthi ya chini ya muundi, penye damu haba, hasa kwa mvuta sigara.

Vidole vikifa ganzi au maumivu yakizidi, plasta ipasuliwe papo hapo, hata usiku wa manane.