Hugin na picha pana za Mji wa Kale, Mombasa: uzoefu wangu

Picha zangu pana za Mji wa Kale wa Mombasa nazipiga kutoka ng'ambo, upande wa English Point, kisha naziunga kwa Hugin. Programu hii ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na sijaona sababu ya kulipia nyingine.

Stendi sibebi. Kinachovuruga picha ya mkono ni vitu vya karibu: ukisogea kidogo tu, nguzo iliyo mbele yako inahama ikilinganishwa na nyumba iliyo nyuma yake, na hapo kuunga kunakuwa taabu. Lakini Fort Jesus, minara ya misikiti na nyumba za ghorofa za pale zote ziko ng'ambo ya maji, mbali vya kutosha hata mkono ukicheza kidogo hakuna kinachoharibika. Angalia tu ukuta au kamba ya mashua isiingie mbele ya lenzi.

Shika kamera wima. Funga mwangaza, fokasi na mizani ya rangi kabla ya picha ya kwanza, la sivyo anga itatoka na mabaka. Geuza mwili wako wote papo hapo uliposimama, kamera ikiwa karibu na uso, na kila picha irudie kama theluthi ya ile iliyotangulia. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako na kuta za ngome hiyo, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, zikipata mwanga wa mbele. Mimi napenda maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvua yakipwa, miamba inatokeza na ukingo wote unakuwa na sura nyingine.

Hugin inatafuta yenyewe alama zinazofanana kati ya picha na picha. Kwenye madirisha na kona za kuta ni hodari kweli. Alama zilizoangukia majini mimi huzifuta zote, kwa sababu wimbi halikai mahali pamoja, halafu naiamuru ipange upya. Mashua iliyopita wakati napiga naiziba kwenye picha moja ili ibaki nzima kwenye nyingine. Hii peke yake inatosha kunifanya niiache panorama ya simu, ambayo hukikata chombo katikati na hainipi nafasi ya kurekebisha.

Mandhari ikizidi nyuzi 120 hivi, chagua umbo la silinda. Ule mtindo wa kawaida wa bapa huvuta pembeni mpaka majengo yanatanuka. Mstari wa maji ukijipinda, weka alama za wima kwenye kona za majengo mawili matatu yaliyoachana, upange tena.

Mgeni atahitaji subira, vitufe ni vingi. Aanze na picha tatu tu, na kompyuta iwe na kumbukumbu ya kutosha, maana faili la mwisho huwa kubwa.